Hongera, Umekuwa Mhariri: Mwongozo kwa Admini Mpya wa Grupu

Jana ulikuwa mtu na bando lako la wiki. Leo shemeji kakufanya admini wa grupu la kamati ya harusi, ukadhani kazi ni kukumbusha michango. Kumbe umekabidhiwa chombo cha habari, hakina wakili wala mshahara. Ili harusi ikukute uraiani, zingatia yafuatayo.

1. Ijue sheria kabla haijakujua. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, kinamwekea msambaza uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sakafu imetajwa, dari ukisie mwenyewe. Fedha za ukumbi usizilipe zote kwanza.

2. Usijifiche nyuma ya "kama ilivyopokelewa". Ni kweli, lazima ithibitishwe kuwa ulijua ni uongo na ulikusudia kupotosha. Ila hoja hiyo husikilizwa mahakamani, na simu yako, pamoja na orodha ya ahadi na vipimo vya sare za wanakamati, itakuwa imeshatangulia kituoni.

3. Tazama mishale. Ujumbe uliozungushwa sana, WhatsApp huubandika mishale miwili, na tangu Aprili 2020 huwezi kuurusha kwa zaidi ya chati moja kwa mkupuo. Kwako hiyo ni alama ya hatari. Kwa Mjomba, aliyeuleta grupuni, ni ushahidi: "Ingekuwa uongo, ungeenea hivi?" Usibishane naye hadharani. Ameahidi kreti za soda na bado hajazileta.

4. Futa kwa tahadhari. Ukifuta ujumbe wa mtu, grupu zima linaonyeshwa kuwa admini kafuta. Waliokuwa wamelala wataamka kuuliza, "Jamani, hapo palikuwa na nini?" Atatokea msamaria mwema mwenye skrinshoti, na uongo utasomwa upya, safari hii kwa makini.

5. Ukipotea hewani, usisimulie ulivyorudi. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilibanwa, na VPN ikawa msamiati wa kijiweni. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikawataka wanaoitumia wajitambulishe. Kwa hiyo ukiulizwa, sema mtandao ulikuwa chini, nawe ulikuwa shambani.

6. Ikishindikana, funga midomo yote. Weka mpangilio wa admini peke yake kuandika. Grupu litatulia, na taarifa ya Mjomba kuhusu dawa itahamia faragha, mtu kwa mtu. Yule mwanakamati muuguzi, aliyekuwa akisema "hii dawa si kweli, msinywe", hataiona tena wala hatapata pa kuikanusha. Wewe utakuwa umetii sheria kikamilifu, muuguzi kanyamaza kwa adabu, na uongo utaendelea na safari zake bila leseni na bila faini.