Vioja Saba vya Davis Cup: Njoo Tubishane

Wapo wanaodai tenisi ni mchezo wa watu wapole: raketi, chupa ya maji, na mwamuzi anayewasihi watazamaji wanyamaze. Hao hawajaona Davis Cup. Humu unachezea nchi, ngoma zinarindima jukwaani, na nyota wa dunia anaweza kutandikwa na kijana asiyejulikana kwa sababu tu kamfuata kwao. Kwangu mimi utamu wote wa shindano hili uko hapo, kwenye nyumbani na ugenini, na ndicho kipimo nilichotumia kupanga orodha hii. Una yako? Ilete.

7. Kombe linalojengewa ghorofa

Mwaka 1900 Dwight Davis, kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliagiza bakuli la fedha kwa masonara wa Shreve, Crump & Low wa Boston. Majina ya washindi yakachongwa, bakuli likajaa. Ikaongezwa sinia, nayo ikajaa. Vikaja vitako vya mbao, kimoja juu ya kingine, na leo mzigo mzima una kilo 105.
*Hukumu:* ukilishinda, usisherehekee kwanza. Tafuta wapagazi.

6. Shindano la dunia lenye timu mbili

Agosti 1900, Longwood Cricket Club, Boston. Washiriki: Marekani na Uingereza. Basi, orodha imeisha. Wageni walilalamikia nyasi ndefu, mipira laini na wavu unaolegea. Wakachapwa 3-0, mvua ikafuta mechi zilizobaki, na mwaka uliofuata shindano halikufanyika kabisa.
*Hukumu:* timu mbili tu, na tayari kelele za ugenini zimeanza. Mtoto alizaliwa na meno.

5. Bingwa wa barazani

Hadi 1971 bingwa mtetezi hakuhangaika na raundi za mchujo. Alikaa barazani kwake kama mzee wa mtaa anayesubiri kuamkiwa, wengine wakatoana jasho, aliyebaki akamfuata nyumbani. Mwaka 1972 upendeleo huo ukafutwa, na Marekani, mabingwa watetezi, wakajikuta wanacheza fainali Bucharest, Romania: kiwanja cha udongo, nyota wa wenyeji Ilie Năstase upande wa pili, na waamuzi wa mstari wenye macho ya kizalendo. Stan Smith wa Marekani alishinda mechi zake zote tatu, na kombe likabaki kwao kwa 3-2.
*Hukumu:* ubingwa wa ugenini una ladha yake. Anayebisha aangalie ramani ya Bucharest na Boston.

4. Mechi ya saa saba na ushee

Februari 2013, Geneva, mechi ya wawili wawili. Tomáš Berdych na Lukáš Rosol wa Czech dhidi ya Stan Wawrinka na Marco Chiudinelli wa Uswisi. Seti ya tano iliisha 24-22, kwa Wacheki. Mechi ndefu kuliko zote katika historia ya Davis Cup!

Sasa ilinganishe na Madrid 2019. Mwaka ule kampuni ya Kosmos ya mwanasoka Gerard Piqué ilizikusanya timu 18 mji mmoja kwa wiki moja, mechi zikapunguzwa kuwa seti tatu. Kufupisha kote huko, na bado Marekani na Italia walimalizana saa kumi na dakika nne alfajiri. Mkataba wa Kosmos wa kuliendesha shindano ulikuwa wa miaka 25. Januari 2023 ukavunjika.
*Hukumu:* Geneva walichelewa kulala kwa sababu ya seti. Madrid walichelewa kwa sababu ya ratiba. Mimi nachagua seti, kila siku.

3. Yannick Noah aongoza densi

Lyon, 1991. Marekani wanakuja na Andre Agassi na Pete Sampras. Ufaransa wana Guy Forget na Henri Leconte, ambaye mwaka ule ule alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo. Nahodha wao asiyecheza ni Noah, mtoto wa mwanasoka wa Cameroon, aliyekulia Yaoundé, ambako mcheza tenisi Arthur Ashe aliona kipaji chake akiwa mtoto. Leconte alimfunga Sampras, Forget akamfunga Sampras, na Ufaransa wakapata kombe lao la kwanza tangu 1932. Kisha ukumbi mzima ukacheza densi nyuma ya nahodha mwenye rasta.
*Hukumu:* ubingwa huu una udongo wa Yaoundé ndani yake. Nitaurudia mpaka mchoke.

2. Fulana nyekundu, Santiago

Fainali ya 1976: Chile dhidi ya Italia, katika Chile ya dikteta Pinochet, kwenye eneo la Estadio Nacional, palipofungiwa wapinzani baada ya mapinduzi ya 1973. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekataa kucheza na Chile nusu fainali. Italia ilibishana nyumbani: twende, tusiende? Nahodha Nicola Pietrangeli alishikilia waende. Wakaenda, na katika mechi ya wawili wawili Adriano Panatta na Paolo Bertolucci wakaingia na fulana nyekundu, rangi ya mrengo wa kushoto uliokuwa unakandamizwa pale pale. Wakashinda.
*Hukumu:* wageni wangapi wamewahi kumjibu mwenye nyumba kwa fulana?

1. Fainali isiyochezwa

Najua, namba moja bila mpira hata mmoja. Tulieni. Mwaka 1974 India iliufunga Umoja wa Kisovieti na kuingia fainali, ikiwa na ndugu wawili, Vijay na Anand Amritraj, katika ubora wao. Mpinzani: Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Serikali ya India ikasema hatuchezi, na kombe likaenda Afrika Kusini bila jasho. India ilikuwa imefika fainali 1966, ikafika tena 1987, na zote ilifungwa. Ya 1974 ndiyo ambayo wangeweza kabisa kuichukua, nao walijua.

Utaniuliza: mbona Waitalia nimewasifu kwa kwenda, na Wahindi kwa kukataa? Kwa sababu Mhindi ndiye aliyelipa. Panatta alirudi na kombe. Akina Amritraj hawakulipata kamwe.
*Hukumu:* jina lililochongwa kwa mwaka 1974 ni Afrika Kusini. Kwenye orodha hii, ni India.