Mwongozo wa Kubaki na Vidole Kumi kwa Anayejijazia Risasi za Bastola

Marekani, walenga shabaha wengi hujijazia risasi nyumbani: huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wakatia fataki mpya, baruti na kichwa, kisha wakarudi uwanjani. Ukitaka urudi na uso uleule uliokwenda nao, fuata hatua hizi.

1. Ujue mtutu kabla ya kuipenda baruti. Toa mtutu, dondosha ganda tupu ndani ya chemba, tazama upande wa chini. Kwenye bastola ya 1911 ya muundo wa zamani, mdomo wa chemba umechongwa hapo ili risasi ipande vizuri, na sehemu ya ganda karibu na kitako haina chuma chini yake. Kinachozuia gesi ya moto ni shaba peke yake, kama mpira wa ndani unaochungulia kwenye tairi lililopasuka.

2. Usiibebeshe shaba kazi ya chuma. John Browning aliibuni bastola hiyo kwa risasi ya .45, ambayo kikomo chake cha shinikizo ni pauni 21,000 kwa inchi ya mraba. Mwaka 1929 kampuni ya Colt ikaitolea risasi ya .38 Super, ambayo leo kikomo chake ni 36,500. Miaka ya 1980 washindani wa IPSC, mashindano ya kulenga shabaha, waliongeza baruti kupita hapo, wakitafuta alama za juu zinazopewa risasi zenye nguvu zaidi. Maganda yakapasuka palepale pasipo na chuma, gesi ikafumuka kuelekea mikononi na usoni. Ndipo ikaenea mitutu inayolifunika ganda karibu lote.

3. Anzia kipimo cha chini cha baruti katika kitabu cha kujazia risasi, na kikomo cha kitabu hicho usikivuke.

4. Ganda lililovimba karibu na kitako, litupe. Kulirudisha umbo hakulirudishii nguvu.

5. Bonyeza kichwa cha risasi kwa kidole gumba. Kikizama, usiipige: nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda ghafla.

6. Mtutu unaofunika vizuri usikupe kiburi. Baruti ikimiminwa mara mbili ndani ya ganda moja, hata mtutu huo unaweza kupasuka. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kulifunga.

7. Vaa miwani ya kinga kila mara. Alama ulizokosa leo utazitafuta mashindano yajayo; jicho haliuzwi dukani.