Barua ya Wazi kwa Mkaguzi Ambaye Bado Hajaajiriwa

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Ubora wa Matunzo ya Wazee,
Kupitia Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA WAZEE WA BONDE LA KILOMBERO KUKAGULIWA KAMA MBU

Ndugu Mkaguzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua kwamba hujaajiriwa. Nafasi yako haijatangazwa, kibali hakijatoka, na cheo chenyewe nimekibuni mimi. Nimeona heri barua ikutangulie mezani, kwa kuwa mambo ya wazee yakishafika mezani huwa hayana haraka, na wenye mambo yao hawana muda.

Kwanza nikueleze mji unaoombwa kuujia. Ifakara ni mji wa mpunga na wa vipimo. Mpunga unaujua, umeula. Vipimo vilianza miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipoweka maabara yake hapa, ile iliyokuja kukua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo mbu wa Kilombero amekuwa kiumbe mwenye faili. Anakamatwa kwa mitego, anatambuliwa ukoo wake, anapasuliwa chini ya darubini ionekane kama ameshataga mayai. Damu ya tumboni mwake inapimwa ijulikane jana usiku alikula kwa nani: kwa mtu, kwa ng'ombe au kwa kuku. Siku hizi anamulikwa kwa mwanga ambao jicho halioni, na kompyuta inakisia umri wake. Pale Kining'ina amejengewa makazi yanayoitwa Mosquito City, yenye kuta za wavu, mimea ya kupumzikia na vibanda vya kufanyia mazoezi ya kuuma.

Sina kinyongo naye. Kazi hiyo imeokoa watoto wa bonde hili. Vyandarua vyenye dawa vilivyosambazwa hapa kuanzia 1997 vilipunguza vifo vyao waziwazi, na dunia nzima ilikuja kujifunza kwetu. Ninachouliza ni kidogo tu. Mbu akifikisha mwezi ni mkongwe, na umri wake utatajwa kwa siku bila yeye kuombwa karatasi yoyote. Bibi wa miaka themanini na kitu, aliyezaliwa wakati wa Mwingereza katika kijiji ambacho hakikuwa na msajili wala daftari, akienda kuomba kitambulisho cha matibabu ya bure anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Akisema hana, anaombwa alete mtu aliyeshuhudia akizaliwa.

Lipo jambo jingine la kutusifia. Tangu 1996 vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga vimekuwa vikitembelewa kaya kwa kaya, kwa miaka mingi kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Mtu akifa, mhojaji huja na dodoso na kuwauliza ndugu kwa upole. Alikuwa anakohoa? Miguu ilivimba? Alikuwa anakula? Alilala kitandani siku ngapi kabla ya kufariki? Ni maswali yaliyopangwa kwa akili sana, na sayansi inayahitaji. Kwa upande wetu wa ustawi, tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuyauliza kabla ya matanga.

Sasa utaniambia kwamba ubora wa matunzo hauhesabiki kama mbu. Mbona serikali ilishaweza? Mwaka 2015/16, wakati wa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, zahanati, vituo vya afya na hospitali zaidi ya 6,000 zilipewa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Karibu theluthi moja hazikupata hata nyota moja. Ilikuwa aibu, lakini aibu yenye faida, kwa sababu walipokwenda kukagua tena baadaye hali ilikuwa imesogea. Marekani nako nyumba za wazee zinapewa nyota tangu 2008, na huko kuna somo lako la kwanza, Ndugu Mkaguzi: kwa miaka mingi wenye nyumba walijaza wenyewe idadi ya wauguzi wao, na kama unavyojua kalamu ya mtu anayejisahihisha, wauguzi kwenye karatasi walikuwa wengi kuliko walioonekana wodini. Ilibidi mwaka 2018 serikali ianze kutumia kumbukumbu za mishahara. Kwa hiyo usidhani uchakachuaji ni kipaji cha Mtanzania peke yake.

Sisi tuna mfumo wetu wa ukaguzi, nao unaitwa ugeni. Simtaji mtu wala makazi ya wazee, maana kila aliyewahi kusimama kwenye picha za namna hiyo atajitambua. Taarifa inakuja wiki moja kabla. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Shuka zenye mikunjo ya dukani zinatoka stoo, na wazee wanaonywa wasizichafue hadi saa saba mchana. Nyama inapikwa. Mgeni rasmi anafika amechelewa, anasaini kitabu cha wageni, anasomewa risala ambayo mzee aliyechaguliwa kuisoma ameiona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo na hana miwani. Kisha wadau wanatoa msaada: mchele, sukari, sabuni za mche, mafuta ya kupikia, na bango la kitambaa lililogharimu sawa na mfuko mmoja wa mchele. Picha inapigwa. Wazee wanaambiwa watabasamu, nao wanatabasamu, kwa kuwa wamekaa juani tangu saa mbili na tabasamu ndilo linalomaliza shughuli. Jioni shuka zinarudi stoo. Matunzo yamekaguliwa, yameonekana ni mazuri.

Kinachoniudhi hasa ni ule mchele. Unatoka kwetu, huu wenye harufu unaosifiwa hadi Dar es Salaam, umelimwa na watu ambao sasa migongo yao haikunjuki. Unazunguka, unarudi kwa aliyeulima ukiwa umeandikwa "msaada".

Hata hivyo ukaguzi wa makazi usikumalizie muda. Makazi ya serikali hayafikii hata idadi ya mikoa. Mkoa wetu una Fungafunga, iliyopo Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Ifakara tunajivunia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na Nazareti, mahali ambapo watu waliougua ukoma walitunzwa kwa miongo mingi bila bango. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu wazee zaidi ya milioni 3 nchini, na walio kwenye makazi ya serikali ni mia chache. Waliobaki wako wapi? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilishajibu: familia ndiyo msingi wa matunzo yao. Huo ndio uwekezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya taifa. Kwa aya moja serikali ilifungua nyumba za wazee kila kijiji, bila kujenga hata msingi na bila kuajiri hata muuguzi mmoja. Sheria ya kuisimamia sera hiyo huku Bara tumeisubiri kwa zaidi ya miaka 20, na waliokuwa na miaka sitini wakati ule wamekwisha kuvuka themanini, wale waliojaaliwa.

Basi ukague kwetu, na uje kwa msimu. Kilombero ina miezi ambayo nyumba inafungwa, kuanzia mvua zinapoanza hadi mavuno. Watu wanahamia shambani, mbali, kwenye vibanda vya nyasi. Mchana wanaamia ndege wasimalize mpunga, usiku wanalinda nguruwe. Asiyehamia hali. Mzee mwenye nguvu anakwenda nao na kukaa kwenye dungu akipiga debe. Mzee asiyenyanyuka anabaki mjini na mjukuu, kwa sababu mjukuu anasoma. Huyo ndiye muuguzi mkuu wa kituo, yuko darasa la sita. Anaamka kabla ya alfajiri, anapika uji, anamwogesha bibi, anafua nguo za usiku, anamwachia maji kwenye kikombe, kisha anakwenda kufanya mtihani wa sayansi wenye swali kuhusu usafi wa mwili. Saa mbili hadi saa tisa kituo hakina mtumishi. Kama kikombe kikimwagika saa tatu, kiu inasubiri kengele ya shule.

Usimlaumu mama yake aliyeko shambani. Madebe ya mpunga atakayorudi nayo ndiyo dawa za presha za bibi. Hospitalini kuna dirisha la wazee na maandishi makubwa yanayosema mzee apewe nafasi kwanza, na hilo tunalishukuru kwa dhati: mzee kweli hupita mbele ya foleni, na huwa wa kwanza kuambiwa kwamba dawa hakuna, akanunue nje. Zanzibar wameanza kutoa pensheni kwa kila aliyefikisha miaka 70 tangu Aprili 2016. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha ambazo mheshimiwa mmoja anaweza kuzimaliza kwa supu na soda, lakini kwa ajuza ni heshima, maana anamtuma mjukuu dukani na fedha yake mwenyewe. Bahari iliyo kati yetu haizidi saa mbili kwa boti. Wazo hilo linaogelea kwa mwaka wa ngapi sasa?

Ukija, usituarifu. Lami kutoka Kidatu ipo, reli ya TAZARA ina stesheni hapa, na ukitaka kuvuka kwenda Ulanga kuna daraja lililozinduliwa 2018, hutasubiri kivuko. Njoo Februari, mvua inaponyesha, uingie nyumbani saa tano asubuhi, si sebuleni. Achana na swali la kama mzee anatunzwa vizuri. Hakuna mzee wa Kindamba wala wa Kipogoro atakayemsema vibaya mwanawe mbele ya mgeni mwenye kalamu. Omba ruhusa umgeuze. Vidonda vya mgongoni havijui kusoma risala. Tazama kucha zake, tazama kama kikombe kiko mkono wake unapofika, tazama umbali wa choo na kama anaweza kuchuchumaa na kusimama tena bila kushikwa. Nusa godoro. Uliza nani alimgeuza usiku, kisha muulize huyo mtu amelala saa ngapi, kwa kuwa matunzo ya mzee hayawezi kuwa bora kuliko usingizi wa anayemtunza. Uliza pia, mto Lumemo ukifurika na maji yakaingia ndani kama tulivyoyaona, ni nani atakayembeba na atampeleka wapi. Swali hilo sijaliona kwenye fomu yoyote, wala jibu lake.

Na kwenye makazi rasmi fanya vivyo hivyo. Waombe karatasi za mishahara, usiombe orodha ya watumishi. Zungumza na wazee bila msimamizi kusimama mlangoni. Ule chakula cha Jumanne ya kawaida.

Nyota zako zitakazopatikana, zibandike ukutani hata kama ni sifuri, na chini yake andika jina la ofisi iliyopaswa kufanya kazi, siyo la mjukuu. Sisi vipimo tumevizoea. Tumekubali kutobolewa vidole, kuhesabiwa vyandarua na kuulizwa habari za marehemu wetu kwa karibu miaka 70. Tunaomba mtu mmoja aje kuwauliza walio hai, na akishaandika, bajeti ifuate.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ifakara