Chuma cha Kisimani

Fundi aliniuliza swali moja tu: "Maharage yanaivaje hapa kwako?" Nikamwambia ukweli. Yanatengwa jikoni saa mbili asubuhi, na saa saba mchana bado yanaruka kwenye sahani. Akatikisa kichwa kama daktari. "Maji magumu hayo, baba." Jioni ile ile laki tisa zangu zilikuwa mfukoni mwake, na uani kwangu, hapa Majengo, Sumbawanga, palisimama mtungi wa buluu ulionifika kifuani, pembeni yake pipa la chumvi lenye mfuniko.

Kisima changu kilikuwa kimenikera siku nyingi. Maji yanapanda yakiwa maangavu. Ukiyaacha kwenye glasi yanakuwa manjano, na asubuhi unakuta tope la kutu limelala chini. Chai ya rangi ilitoka nyeusi kama wino. Shati langu la Jumapili hakuna tena aliyeliita jeupe. Mtungi, fundi aliapa, ungemaliza yote.

Kazi yake niliikariri mpaka nikawachosha watu wa nyumbani. Ndani mna chembe za rangi ya asali, rezini. Maji magumu yakipita, zinakamata kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Zikishiba unazisuuza kwa maji ya chumvi, zinaanza upya. Kwa hiyo nikanunua chumvi, gunia zima.

Wiki ya tatu gunia likawa nusu. Nikausifu mtungi kwa ulaji wake. Kumbe mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, kila jioni alichota bakuli akawapelekea ng'ombe wa jirani.

"Chumvi nzuri namna ile, mwanangu, unailaza kwenye pipa inafanya nini?"

Nikamweleza habari za rezini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachota maji ya kisima ambayo hayajapita kwenye mtungi, akachukua kipande cha sabuni, akafikicha. Povu likamfika viwikoni.

"Maji magumu hayatoi povu hivi," akasema. "Na maharage ya Sumbawanga hayajawahi kuwa na haraka tangu nizaliwe."

Nilinyamaza. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100, na maharage yanalipia tofauti hiyo kwa kuni. Hayo nilifundishwa shuleni, nikafaulu mtihani, kisha nikaenda kutoa laki tisa.

"Sasa madoa je, mama?"

"Chuma. Hii si nchi ya chuma?" Akanikumbusha malungu, tanuru za udongo zilizompita mtu kimo, ambamo Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto, upepo ukijiingilia wenyewe kwa matundu ya chini, wakapata majembe na mashoka. "Wao walikitafuta kwa jasho. Wewe kinakufuata kikombeni."

Tulipoufungua mtungi, zile chembe za asali zilikuwa zimegeuka kahawia, zinanata vidoleni. Chuma kikiwa kimeyeyuka majini hakionekani. Kikikutana na hewa ndipo kinakuwa kutu, na miligramu 0.3 tu kwa lita zinatosha kuacha madoa. Nilimpigia fundi. Simu iliita mpaka ikachoka.

Dawa ikawa ndoo tatu. Ya juu nikaitoboa kitako kwa msumari wa moto, maji yanyeshe kama mvua na kupigwa hewa. Ya pili yanatulia. Ya tatu ina mchanga wa mto juu ya kokoto. Siku ya kwanza sikuuosha mchanga, mke wangu akatoka bafuni kama aliyetoka kufyatua matofali, na chakula cha usiku nilijipakulia mwenyewe. Sasa kila baada ya wiki mbili nakwangua tabaka la juu, jekundu, laini kama unga, maana nikisahau maji hayapiti. Ya kunywa bado tunachemsha. Mchanga wangu hauui vijidudu.

Chai imerudi kuwa nyekundu. Shati nimelinunua jingine. Mtungi umelala nyuma ya choo, na pipa la chumvi mama mkwe amelisuuza, akalianika, akaondoka nalo kuwekea ulezi. Juzi kapiga simu kutoka kijijini, anauliza yule fundi kama hana lingine. La maharage.