Bei ya Soko

Nimepima mizigo bandarini Tanga kwa miaka 18. Katani, saruji, mbolea, vyote vimepita mbele yangu, na sijawahi kutia sahihi gunia kabla mzani haujasema. Ndiyo maana ndugu zangu hawaachi kunicheka. Mzigo pekee nilioupokea bila kuuliza uzito wake ulikuwa kaa mmoja, na nilimla mwenyewe.

Ilikuwa Singapore. Nilikwenda kwa semina ya siku nne, na mke wangu akanifuata kwa fedha zake za upatu, akisema hawezi kuniachia bahari nisiyoijua peke yangu. Semina ilipokwisha tukapanda treni hadi Clarke Quay, mahali ambapo kila tuliyemuuliza pa kwenda usiku alitutajia. Unaibuka kutoka chini ya ardhi na kukutana na mto. Kando yake zimepangana nyumba za zamani za kuhifadhia bidhaa, sasa zimekuwa mikahawa, baa na kumbi za muziki, zimepakwa rangi kama pipi. Wenyeji huziita kwa neno lile lile tunalolitumia bandarini: magodauni. Moyo wangu ukatulia. Nikajiona nipo kazini, ila leo pana taa nyingi na muziki.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Ugenini, ukisikia neno la kwenu unavua viatu na kunyoosha miguu.

Tulianza kwa mashua. Ni vyombo vya mbao vya kizamani, siku hizi vinapakia watalii, na omo zake zimechorwa macho mawili makubwa. Mke wangu, ambaye bibi yake alitoka Lamu, akaniambia kwa majivuno kwamba mitepe ya kwao nayo ilichorwa macho. Sauti ya kwenye spika ikasimulia kwamba zamani mashua kama hizi zilijaa mto mzima, zikipakua shehena hadi 1983 zilipohamishiwa Pasir Panjang. Mto wenyewe ulikuwa ukinuka. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew akataka usafishwe ndani ya miaka 10. Wakahamisha mabanda ya nguruwe na bata, wakawapa wachuuzi wa chakula sehemu nyingine za kuuzia, na kufikia 1987 kazi ilikuwa imekwisha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vyaundwa. Pale hata maji yenyewe yameundwa: nilivuta pumzi nikitafuta harufu ya chumvi, maana bahari ipo pale pale mlangoni, nisiipate. Tangu 2008 kuna bwawa linalozuia maji ya bahari, na mto umekuwa wa maji baridi, sehemu ya hazina ya maji ya kunywa ya nchi ile. Jambo hilo nililikumbuka baadaye, nilipoletewa chupa ya maji kwa dola 4 za Singapore huku nimeupa mgongo mto mzima.

Njaa ikatuvuta kwenye mkahawa mmoja wa ukingoni. Kila chakula kwenye menyu kilikuwa na bei yake, isipokuwa kaa wa pilipili. Yeye aliandikiwa maneno mawili kwa Kiingereza, ambayo tafsiri yake ni bei ya soko.

"Soko!" mke wangu akasema, akajiweka sawa kwenye kiti. Huyu ni mwanamke ambaye wauza samaki wa Deep Sea, Tanga, wakimwona kwa mbali huanza kupunguza bei kabla hajafika. Tena nilikuwa nimesoma kwamba chakula hiki kilianzishwa na mama mmoja, Cher Yam Tian, aliyekuwa akikiuza kwenye mkokoteni mwaka 1956. Chakula cha mkokoteni, kinauzwa kwa bei ya soko. Kingetushinda vipi?

Mhudumu wetu alikuwa mzee ambaye wateja wote, wadogo kwa wakubwa, walimwita "Anko". Hilo likatumaliza kabisa. Kwetu ukishamwita mtu anko, nusu ya bei imekwenda. Akatuwekea bakuli la karanga na taulo mbili ndogo zenye unyevu, zimefungwa kwenye nailoni. "Umeona ukarimu?" nikamwambia mke wangu, tayari nikitafuna. Kisha Anko akaleta kaa hai kwenye beseni, akasema jambo kwa Kiingereza cha kasi ya kwao. Nikaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia hotuba ya mgeni rasmi.

Kaa akarudi akiogelea kwenye rojo jekundu la nyanya, pilipili na mayai, tamu kuliko kali. Pembeni palikuwa na mantou, vimikate vya kukaanga ambavyo mke wangu aliviita mahamri yaliyosahau iliki. Tukafungwa aproni za plastiki shingoni kama watoto wa chekechea, tukapewa koleo. Nikabana gando moja kwa nguvu za bandari. Likaruka, likapita juu ya sahani, likatua ndani ya glasi ya bia ya Mzungu wa meza ya jirani. Nikasimama kuomba radhi. Yeye akaliopoa, akalifyonza, akaninyanyulia dole gumba. Wakati ule nilidhani ana moyo mwema tu. Sikujua kwamba alikuwa ameshapewa bili yake, na alijua nimemrushia nini.

Kila baada ya dakika chache tulisikia mayowe. Pale karibu kuna mtambo unaowafunga watu kwenye kiti na kuwarusha angani kama jiwe la manati. Mke wangu alikuwa akiwahurumia, mpaka nasi bili yetu ilipofika.

Kaa siku hiyo aliuzwa dola 11 kwa kila gramu 100. Wetu alikuwa na kilo 1.2, yaani dola 132. Mantou dola 8. Maji dola 4. Karanga, zile za ukarimu, dola 4. Taulo dola 2. Jumla dola 150. Halafu kulikuwa na alama mbili za kujumlisha ambazo niliziona chini ya menyu nikadhani ni daraja la ubora, kama vile mwalimu anavyoandika kwenye daftari la mtoto hodari. Kumbe alama ya kwanza ni asilimia 10 ya huduma, na ya pili ni asilimia 9 ya kodi, ambayo nayo hukatwa juu ya ile huduma. Dola 179.85. Kwa pesa zetu, karibu laki tatu na nusu.

Mke wangu akavuta pumzi, akaingia sokoni. "Anko, tupunguzie. Sisi wageni, na kesho tutarudi."

Anko akacheka kwa upole. Akaeleza kwamba bei ya soko ni bei aliyonunulia tajiri wake siku hiyo, na mteja haigusi. Karanga na taulo zingeweza kuondolewa kwenye hesabu, kama tungezirudisha mapema. Akachungulia bakuli. Ilikuwa imebaki karanga moja. Mke wangu akaitazama, akaitia mdomoni, akanifanyia ishara nilipe.

Tukajikokota hadi Daraja la Read, lililojengwa 1889, tukakaa tukitazama taa zikicheza majini. Kaa dola 132, kukaa bure. Pale nikakiri kwamba maneno ya Kichina na Kimalay kwenye mabango hayakunipotosha hata kidogo, kwa sababu niliyauliza yote. Yaliyonikamua ni yale niliyodhani nayajua: soko, anko, karanga za mgeni.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukifika Clarke Quay nenda, maana panapendeza na kaa ni mtamu kweli. Ila muulize Anko uzito kwanza, kisha uulize bei ya gramu 100, na karanga usizitie mkono. Kuuliza si ujinga. Taulo moja hatukuifungua. Iko kwenye kabati la vyombo nyumbani, katikati ya vikombe vya harusi, na mgeni akiishika mke wangu humwambia airudishe, ni dola moja hiyo, bado kodi.