Taa Tisa za Usiku wa Busisi, Kuanzia ya Mkiani Hadi Bingwa

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, gari la vyombo vya bendi linatoka Kigongo na kuingia Busisi bila kusubiri kivuko. Ni kilomita 3 hivi za lami juu ya maji ya ziwa huku Mwanza, umefika. Wapiga picha nao wanafika. Giza likishaingia, wote wanakutana na mtihani mmoja: utampigaje picha mtu anayeimba usiku bila kumlipua usoni kwa flashi?

Jibu langu ni fupi: soma taa uliyoikuta. Kila taa ina tabia yake, na kuna zenye tabia mbaya kweli kweli. Nimezipanga tisa. Kwenye mashindano ya ngoma za Wasukuma, kundi la Bagika linacheza upande huu, la Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nawe chagua upande mapema, maana najua utabisha.

9. Flashi ya simu

Inashika mkia na haina rufaa. Nguvu ya flashi hupungua kwa mraba wa umbali: mwimbaji aliye mita 6 anapata moja ya tisa tu ya mwanga unaompata mtu aliye mita 2 kutoka kwako. Kwa hiyo kinachong'aa pichani ni kisogo cha jamaa aliyekukinga, na mwimbaji anabaki kwenye giza lake. Jamaa akiwa na upara, hongera, umepata picha safi ya upara.

Mbishi wa kwanza ameshanyoosha mkono: "Mbona Jean Depara alipiga Kinshasa ya usiku kwa flashi?" Ni kweli. Depara alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco tangu miaka ya 1950, na picha zake za mabaa ya Kinshasa ni hazina. Malick Sidibé wa Bamako naye alizunguka kwenye madansi ya vijana na flashi yake. Lakini watazame watu wao vizuri: wengi wameigeukia kamera, wamejipanga, wanamchezea mpiga picha. Mchezaji wa ngoma ya bugobogobo hakuchezei wewe. Anacheza na jembe. Ukimwashia flashi wakati jembe liko hewani, macho yake yanajaa weupe, na jembe litashuka tu.

*Hukumu:* izime kabla hujatoka nyumbani.

8. LED za bluu na zambarau

Mapromota wanazipenda hizi kupita kiasi. Sasa sikia kinachotokea ndani ya kamera. Kwenye kihisio cha kamera nyingi, nusu ya nukta husoma kijani, robo nyekundu, robo bluu. Jukwaa likimwagiwa bluu tupu, robo moja tu ndiyo inayofanya kazi ya maana. Zilizobaki zinakula posho. Ndiyo sababu uso wa dada mwimbaji unatoka bapa, shavu limeungua, pua imehama.

Dawa ipo. Punguza mwanga unaoingia hadi bluu iache kuungua, kisha ukifika nyumbani igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Pua inarudi.

*Hukumu:* nyeusi na nyeupe, bila kumwomba mtu ruhusa.

7. Tubelight na LED za bei chee ukumbini

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa hizi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona. Piga kwaya kwa shata ya 1/500 ya sekunde uone: picha inatoka na mistari myeusi, soprano wana umeme, besi wako kwenye mgao. Teremsha shata hadi 1/100 au 1/50, mistari inakwisha. Ukumbi ukihamia kwenye jenereta linalokohoa, hezi zinayumba na mistari inarudi.

*Hukumu:* zinavumilika, kwa sababu kwaya husimama mahali pamoja.

6. Mbalamwezi

Hapa washairi watanishtaki. Mwezi mpevu ziwani ni mzuri, nakubali, na una watu: wavuvi huvuta dagaa kwa karabai na taa zao kwenye giza, mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, basi mitumbwi inapumzika na wenyewe wako nchi kavu wakitafuta burudani. Usiku huo ngoma ina mashabiki wa kutosha.

Ila kamera haina masikio. Hata ukiwa na lenzi ya f/1.8 na ISO 6400, mwanga wa mwezi unataka shata ibaki wazi karibu sekunde nzima. Kwenye sekunde nzima mchezaji ameshapiga hatua, amegeuka na ameshamsalimia shemeji. Simu nayo, ukiiweka kwenye hali ya usiku, hukusanya picha kadhaa na kuziunganisha. Mti unatoka safi, mchezaji anatoka na mikono minne.

Kuna mlango mmoja wa kutokea, nao Wasukuma wenyewe waliufungua zamani: wigashe, ngoma inayochezwa watu wamekaa. Egemeza kamera kwenye kitu, shusha pumzi, subiri mwimbaji anapovuta hewa kati ya mstari na mstari.

*Hukumu:* kwa masikio ya kwanza, kwa kamera ya sita.

5. Skrini kubwa nyuma ya msanii

Ya matamasha ya uwanjani, CCM Kirumba na kwingineko. Skrini inawaka mgongoni mwa msanii, kamera inapima skrini badala ya uso, na msanii anatoka mweusi tii. Usihangaike kumwokoa. Mpige kivuli hivyo hivyo, ila subiri umbo lisomeke: miguu imeachana, kiwiko kimetoka mbavuni, maiki imeachana na mdomo. Maiki ikigusa mdomo, kivuli kinaonyesha mtu anakula muhindi.

*Hukumu:* nzuri kwa wenye subira na kwa wasanii wenye nywele za kuvutia.

4. Taa ya bodaboda

Ndiyo, imeipita skrini kubwa. Andamana ukitaka.

Ngoma iko uwanjani, umeme haupo au umekatika, mtu anaiegesha pikipiki pembeni na kuielekeza katikati ya duara. Taa iko chini, iko ubavuni, na mbele yake kuna vumbi. Hilo vumbi ndilo mtaji. Zunguka usimame upande wa pili, mchezaji awe kati yako na taa: kila kisigino kinachopigwa kinainua wingu, wingu linashika mwanga, na mguu unakatwa vizuri kwenye giza. Mpulizia moshi wa jukwaani analipwa kwa kazi ambayo Busisi inafanywa na kisigino bure.

Anza na ISO 3200, tundu la lenzi wazi kabisa, shata 1/250. Mwanga ukikataa, shuka hadi 1/125 na utumie akili: jembe la bugobogobo likirushwa, linapofika juu kabisa husimama kidogo kabla ya kugeuka. Mruko wa mchezaji nao una kilele chake. Bonyeza hapo, 1/125 inatosha. Bonyeza kabla ya hapo, umepata ukungu wenye mpini.

Na mambo ya chenga, zile punje zinazoletwa na ISO kubwa, tuyamalize hapa hapa. Picha yenye chenga inatazamika. Picha iliyocheza bila wewe kutaka icheze haina msaada. Mtu anayeogopa kupandisha ISO kisha anarudi nyumbani na picha zote zimecheza amehifadhi nini?

*Hukumu:* taa bora ya bure. Mwombe mwenye boda kwa adabu, na asiwamulike wachezaji machoni.

3. Balbu moja ya njano, pamoja na mdogo wake karabai

Taa nyingi huchanganya sura. Taa moja huichonga. Balbu moja ikining'inia kushoto kwa mpiga gita, shavu moja linawaka, jingine linazama, vidole vinaonekana mpaka kucha. Mmarekani Roy DeCarava aliwapiga picha wanamuziki wa jazi wa New York, John Coltrane akiwemo, kwa mwanga aliowakuta nao, bila flashi, na akaliacha giza lichukue sehemu kubwa ya picha. Baa yenye balbu moja pale karibu na kituo cha mabasi ina kila alichokuwa nacho, na nyama choma juu.

Siri ni kupima uso, si ukumbi. Iambie kamera ipime kinukta cha katikati, au kwenye simu gusa shavu lililopata taa kisha ushushe mwanga kidogo. Ngozi yetu nyeusi inapendeza sana kwenye taa ya ubavu. Kinachoiharibu ni kamera inayojaribu kuangaza ukuta wa nyuma.

Hapa pia ndipo lenzi inalipa deni lake. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo huwa miongoni mwa zile rahisi kabisa dukani, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile iliyokuja na kamera ukiivuta hadi f/5.6. Wa simu, tumia lenzi kuu na usogee kwa miguu; ile ya kuvuta mbali huwa na tundu dogo.

Karabai inaingia kwa heshima zake. Haipepesi kama LED mbovu, nayo imezoea kazi za usiku kuliko mpiga picha yeyote mkoani.

Wa Zanzibar watasema wao wana Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara lilifanyika kwa miaka mingi tangu 2004. Nawapa haki yao: kuta za mawe hurudisha mwanga kwa wanamuziki. Busisi haina ukuta, mwanga ukimpita mwimbaji unaishia ziwani. Kwa hiyo msogeze mwimbaji karibu na balbu, basi.

*Hukumu:* shaba.

2. Dakika ishirini za magharibi

Mwanza jua huzama karibu na saa moja kasoro jioni, kama dakika 25 baada ya Zanzibar, kwa sababu saa yetu ni moja ila sisi tuko mbali magharibi. Likishazama, una dakika ishirini hivi za mwanga laini, na hazirudi. London mwezi Juni hizo dakika hupita 40. Huku kwetu karibu na ikweta jua linaanguka wima.

Sasa ubishi wa darajani. Watu wa Kigongo wanajisifu kwamba jua linazama mbele yao, juu ya maji. Sawa. Mweke mwanamuziki wa Kigongo mgongo kwa ziwa: mbingu yote iko nyuma yake, uso umekuwa mkaa. Mweke wa Busisi mgongo kwa ziwa: maji yako mashariki, mbingu ya magharibi inammulika usoni kwa upole, na ziwa nyuma yake limeshageuka buluu. Kwa kivuli, nenda Kigongo. Kwa uso wa mtu, Busisi inashinda.

*Hukumu:* fedha, na MC aambiwe aanze kwa wakati.

1. Moto wa kupasha ngoma

Bingwa wangu anawaka kabla muziki haujaanza. Wapiga ngoma wanawasha majani makavu, wanainamisha ngoma, ngozi inatazama moto ili ikaze. Mmoja anaigeuza taratibu, anaigonga kwa vidole, anatega sikio, anairudisha. Mwanga unatoka chini, mwekundu wa dhahabu, unapanda kidevu, unashika jasho la paji la uso na nywele za kingo za ngozi. Mtu ametulia kwa sababu anasikiliza, hivyo 1/60 inamtosha. Moto ukipungua, mwenzake anatupa majani mengine na una sekunde chache za mwanga mkali: ndizo zako. Rangi iache ilivyo; ukiilazimisha kamera ifanye moto uwe mweupe umeua kila kitu.

Utasema hiyo si picha ya onyesho. Nakuambia usiku ule sauti yote ya ngoma imetoka pale motoni, na wapiga picha wengi wakati huo wako foleni ya chipsi.

*Hukumu:* dhahabu.

Ukitaka kunibishia, njoo na picha, iliyopigwa bila flashi. Na kabla hujaituma kokote, mtumie kwanza mpiga ngoma mwenyewe. Wengi wao wamepigwa picha miaka yote na hawajawahi kuona hata moja.