Sifa za Skrini ya Pili Inayozimika Baada ya Sasisho

Miongoni mwa vitu vya zama hizi ambavyo watu huvilaani kabla ya kuvichunguza, hakuna kinachodhulumiwa kuliko skrini ya pili ya mashine pepe ya Linux, ile ambayo jioni huachwa ikiwaka vizuri na asubuhi, mara tu mfumo unapomaliza kujisasisha, hubaki nyeusi huku mwenzake wa kando akiendelea kung'aa kana kwamba halikutokea jambo. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili, kwa kuwa ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Ile ya nje huitwa mwenyeji na ile ya ndani huitwa mgeni, na mgeni huyo hupewa kumbukumbu, diski na hata skrini mbili au tatu ambazo kwa hakika ni madirisha tu katika skrini za mwenyeji. Lucian wa Samosata alimsifu nzi katika karne ya 2, na sifa ambazo Erasmus aliupa ujinga zilichapishwa mwaka 1511. Skrini hii nayo haistahili kukosa msifu wake katika pwani ya Malindi na Kilifi.

Nasaba yake haina doa. Upande mmoja inatokana na mfumo wa madirisha wa X, uliozaliwa katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1984 na kufikia toleo la 11 mwaka 1987. Upande wa pili inatokana na Linux, ambayo Linus Torvalds aliitangaza akiwa Helsinki mwaka 1991. Mwaka 2008 ukoo ukampata Wayland, itifaki iliyokusudiwa kumrithi X angali hai, na kwa kuwa sasisho huweza kumhamisha mtumiaji kutoka kwa mzee kwenda kwa mrithi pasipo kumwuliza, skrini ya pili huona ni adabu kuzimika kwa heshima ya pande zote mbili.

Sifa yake ya kwanza ni kutunza miadi. Tangu Oktoba 2004, Ubuntu, mojawapo ya mifumo mashuhuri ya jamii ya Linux, hutoa toleo jipya kila Aprili na kila Oktoba, isipokuwa mwaka 2006 ambapo lile la Aprili lilichelewa hadi Juni. Nyakati hizo ni karibu na zile ambazo pwani hutoka katika kaskazi kuingia kusi na kutoka katika kusi kuelekea kaskazi. Kwa hiyo nahodha wa jahazi na mtumiaji wa mashine pepe huingia katika maleleji pamoja, ila nahodha hapewi kitufe cha kuahirisha.

Sifa ya pili, iliyo kubwa kuliko zote, ni ualimu. Kilifi ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, kilichoanzishwa mwaka 1989. Na kwa kuwa programu nyingi za kuchanganua jeni huandikwa kwanza kwa ajili ya Linux, mwanafunzi wa sayansi mwenye kompyuta ya Windows huenda akalazimika kumkaribisha mgeni wa Linux ndani yake. Maadamu skrini zote mbili zinawaka, mwanafunzi huyo hudhani kwamba kompyuta ni kitu kimoja. Ya pili inapozimika ndipo anapojua kwamba ni ghorofa, na kwamba kila orofa ina bwana wake. Huanzia kwenye kiini, yaani sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa vyote, akatambua kwamba sasisho limekibadilisha, na kwamba kiendeshi, programu ndogo inayofikisha amri za mfumo kwa kifaa, kilijengwa kwa kipimo cha kiini cha jana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni vijajuu vya kiini, yaani faili zinazoeleza umbo lake, ambazo zikiwepo, chombo kiitwacho DKMS hujenga upya viendeshi bila kusukumwa, na zikikosekana kazi hulala. Kisha hufika kwenye Guest Additions, kifurushi ambacho VirtualBox, mojawapo ya programu za kuendeshea mashine pepe, humpa mgeni ili aelewane na mwenyeji, na ambacho toleo lake lapaswa kulingana na la mwenyeji. Halafu kwenye mipangilio, ambako hukaguliwa idadi ya skrini, isiyozidi 8, kumbukumbu ya picha na aina ya kidhibiti cha michoro. Halafu kwenye amri ya xrandr, ambayo chini ya X huorodhesha skrini na kuziwasha, lakini chini ya Wayland husema bila mamlaka. Na mwisho kwenye faili ya monitors.xml, ambamo mazingira ya eneo-kazi ya GNOME huhifadhi mpangilio wa skrini na kuung'ang'ania hata usipofaa tena.

Sifa ya tatu ni unyenyekevu. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza kutengewa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Pwani iliyosaidia kuzitazama nyota kwa miali isiyoonekana kwa macho ingeweza kuingiwa na kiburi, kama si skrini hii inayokataa kuonekana ikiwa shibiri mbili kutoka puani mwa mtumiaji. Wala haiwezi kushtakiwa kwa kutoweka, kwa sababu, ikiwa ni skrini ya mashine isiyo na mwili, haikuwahi kuwepo.

Wapinzani husema kwamba inakula muda na bando la intaneti. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani VirtualBox huweza kuhifadhi hali yote ya mgeni kabla ya sasisho, ili mambo yakiharibika arudishwe alivyokuwa, na menyu ya kuwashia, GRUB, kwa kawaida huweka pia kiini cha zamani kwa anayetaka kurudi nyuma. Asiyezitumia njia hizo amejiandikisha darasani kwa hiari yake. Anayezitumia, na kulinganisha matoleo kabla ya kubonyeza kitufe, huenda akakaa miaka bila kukutana na weusi huo, na kwa kufanya hivyo hamkosei mwalimu adabu, maana hakuna shule inayosifiwa kwa wingi wa wanafunzi wanaorudia darasa.